Draivu ya Flopi Ikilia, Toa Diski Kwanza

Kompyuta kuukuu ikitoa sauti ngeni unapoingiza flopi, watu wengi hufanya jambo moja: huitoa ile flopi na kujaribu nyingine. Ikikwaruza tena, huingiza ya tatu. Kufikia hapo huenda diski zote tatu zimeharibika, pamoja na orodha ya wanafunzi, kumbukumbu za chanjo ya mifugo au barua za kamati ambazo hazina nakala kwingine kokote. Draivu mbovu inaweza kubadilishwa hata leo. Maandishi yaliyokwanguliwa juu ya diski hayarudi, hata umlete fundi kutoka wapi.

Kuna atakayeuliza ni nani bado ana flopi. Hapa kwetu kaskazini mashariki mwa Kenya wapo wengi kuliko wanavyojijua. Mkoa wa Kaskazini Mashariki ulikuwa na makao makuu Garissa hadi serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013. Idara zikagawanyika, nyingine zikahama majengo, na makabati yakarithiwa pamoja na vilivyomo. Mashirika yaliyokuja tangu kambi za wakimbizi za Dadaab zilipofunguliwa mwaka 1991 yalifanya kazi kwa kompyuta za zama zile, na zama zile kuhifadhi nakala kulikuwa ni kuiweka kwenye flopi. Shule zilizobahatika kupata kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo zilizipokea na draivu zake.

Na katika eneo hili kumbukumbu ya zamani ina uzito wa pekee. Kwa miongo kadhaa Mkenya Msomali aliyeomba kitambulisho alipitishwa kwenye kamati ya mchujo, akatakiwa athibitishe alikozaliwa na aliposoma. Mchujo huo wa ziada ulitangazwa kuondolewa Februari 2025. Tena wapo raia walioandikishwa Dadaab wakiwa watoto, wakati wa njaa, wakakua na kujikuta kwenye hifadhidata ya wakimbizi, na wamehangaika miaka kujinasua. Mtu wa aina hiyo akisikia kwamba huenda jina lake la darasa la nne limo kwenye flopi iliyo kabatini mwa mwalimu mkuu, flopi hiyo kwake ina thamani kubwa.

Ili ujue sauti ipi ni ya kutisha, ni lazima kwanza ujue kilichomo ndani. Flopi ya inchi 3.5, ile ya ganda gumu la plastiki iliyobuniwa na Sony mwanzoni mwa miaka ya 1980, ina utando mwembamba wa duara uliopakwa chembechembe za sumaku. Draivu huuzungusha utando huo mara 300 kwa dakika, yaani mara 5 kila sekunde. Vichwa viwili vya kusomea, kimoja chini na kimoja juu, huubana katikati. Data imepangwa katika njia 80 za duara kila upande, kila njia ikiwa na sekta 18 za baiti 512. Ukizidisha zote unapata baiti 1,474,560, na ndiyo ile flopi tunayoiita ya 1.44. Kutoka njia moja hadi ya pili ni chini ya robo ya milimita, na vichwa husogezwa na mota ndogo inayokwenda hatua kwa hatua, ikizungusha skrubu ndefu yenye hesi.

Jambo la kushika hapa ni kwamba kichwa cha flopi hugusa diski. Kwenye diski ngumu iliyo ndani ya kompyuta, kichwa huelea juu ya sahani bila kuigusa, na sahani zimefungiwa ndani ya kasha lisilopitisha vumbi. Flopi haina kinga hiyo. Kichwa kimeegemea utando, na utando unapita chini yake kwa kasi ya zaidi ya mita moja kwa sekunde kwenye njia za nje. Punje moja ya mchanga ikinasa hapo katikati, inachora duara lilelile mara 5 kila sekunde hadi mtu atoe diski.

Sauti nyingine hazina ubaya wowote. Ukiwasha kompyuta ya miaka ya 1990, taa ndogo ya draivu huwaka, mota huvuma kwa sekunde moja au mbili, kisha husikika "krr-krr" fupi. Hapo programu ya kuwashia iliyo kwenye ubao mama inasogeza vichwa kwenda na kurudi ili ijue draivu ni ya njia 40 au 80, na pia inatafuta iwapo kuna diski ya kuanzia. Sauti hiyo unaweza kuizima kwenye mipangilio ya kuwashia, na mashine itaamka upesi kidogo. Zipo hata draivu zilizoundwa kwa kelele. Ile ya Apple II, iliyobuniwa na Steve Wozniak na kutolewa mwaka 1978, haikuwa na kihisi cha kuonyesha kichwa kimefika njia ya mwanzo, kwa hiyo kila ikiwashwa hukigongesha kichwa ukingoni makusudi ili ianze kuhesabu kutoka hapo. Anayeisikia mara ya kwanza hudhani imevunjika.

Sasa nije kwenye vumbi, maana ndilo adui mkubwa wa draivu za huku. Feni ya kasha la umeme la kompyuta za mezani, lile lililo nyuma, mara nyingi huvuta hewa ya ndani na kuitoa nje. Hewa ikitoka, lazima nyingine iingie, na huingia kupitia kila uwazi ulio mbele, ukiwemo mdomo wa draivu ya flopi. Kompyuta inayofanya kazi mchana kutwa huko Modogashe au Masalani inapitisha hewa ya mji mzima katikati ya vichwa vya kusomea, hata kama hakuna aliyetumia flopi kwa miaka kumi. Wakati wa Jilaal, Januari hadi Machi, ardhi imekauka na kila gari linaacha wingu nyuma yake. Wakati wa Hagaa, katikati ya mwaka, upepo haupumziki. Vumbi linajikusanya kimyakimya ndani ya draivu isiyotumika, na siku mtu anapokumbuka kwamba kuna orodha anayoihitaji, anaingiza diski ya pekee aliyonayo katika draivu chafu kuliko zote.

Draivu moja niliyoifungua hapa mjini ilikuwa na historia hiyohiyo. Nilipoondoa kifuniko cha bati nilikuta tabaka la vumbi jekundu lililolala sawasawa juu ya kila kitu isipokuwa mahali pamoja: kwenye mkono wa kichwa cha juu, pembeni mwa kile kijiwe cheusi kinachogusa diski, palikuwa na kifungu kidogo cha uchafu wa kahawia uliokoza, mgumu, uliong'aa. Huo haukuwa udongo. Ulikuwa unga wa sumaku uliokwanguliwa kutoka kwenye diski na kusagwa hadi ukashikamana. Nikachukua flopi iliyotolewa humo, nikasukuma kile kifuniko chake cha chuma pembeni, nikauzungusha utando polepole kwa kidole kwenye kitovu na kuuangalia dhidi ya mwanga wa dirisha. Kulikuwa na duara moja jembamba ambalo mwanga ulipenya. Palipopenya mwanga hapakuwa na data tena, kwa sababu hapakuwa na sumaku tena. Flopi mbili zilizoingizwa baada yake zilikuwa na duara hilohilo, umbali uleule kutoka kitovuni.

Ile ya kwanza iliharibiwa na mchanga. Mbili zilizofuata ziliharibiwa na mabaki ya ile ya kwanza. Kwa hiyo sheria ya kwanza ni hii: ukisikia mlio mwembamba wa juu, au mkwaruzo unaorudi kwa mapigo sawa na mzunguko wa diski, bonyeza kitufe utoe diski hapohapo. Usingoje faili imalizike. Usiingize nyingine yoyote, hata ile usiyoijali, kwa sababu itaongeza uchafu kwenye kichwa. Kuanzia dakika hiyo draivu hiyo ihesabu kuwa imefungwa hadi isafishwe.

Mlio mwembamba una chimbuko jingine pia, nalo ni diski yenyewe. Unga wa sumaku umeshikizwa kwenye utando kwa gundi maalumu, na ndani yake kuna kilainishi kidogo. Miaka thelathini ndani ya stoo ya mabati, ambamo joto la mchana hupita nyuzi 35 kwa urahisi, inatosha kuizeesha gundi hiyo. Utando ukianza kunata, kichwa kinaushika na kuuachia mara nyingi kwa sekunde, na mshiko huo ndio unaolia. Kisha kuna kuvu. Watu hudhani kuvu ni tatizo la Lamu na Mombasa tu, lakini mto Tana unapofurika, kama ulivyofanya wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, tena Novemba 2023 na Aprili 2024, maji huingia madukani na majumbani, na hata kabati lisilolowa hukaa kwenye unyevu kwa wiki kadhaa. Kuvu huonekana kama madoa meupe au ukungu juu ya utando mweusi. Diski ya namna hiyo isiingie kwenye draivu hata mara moja kabla haijasafishwa. Fundi mwenye mkono mtulivu anaweza kulifungua ganda, kuutoa utando, kuufuta kwa spiriti safi na kuuweka kwenye ganda jipya ili usomwe. Si kazi ya kujifunzia kwa diski ya pekee. Jifunze kwa diski tupu kwanza.

Sauti ya pili inayoletwa kwangu mara nyingi ni ile ya kwenda na kurudi: "krr", kimya, "krr-krrrr", kimya, kisha tena. Haiudhi sikio sana, na kwa hiyo watu huiacha iendelee dakika nzima. Maana yake ni kwamba kompyuta imeshindwa kusoma sekta fulani. Kila ikishindwa, inaamuru vichwa virudi hadi njia sifuri, vihesabu upya, virudi palepale na kujaribu tena. Hapo kuna mambo mawili ya kufikiria. Huenda kichwa ni kichafu, na kukisafisha kutamaliza kazi. Au huenda diski iliandikwa na draivu nyingine ambayo vichwa vyake vilikuwa vimekaa pembeni kidogo, kiasi cha sehemu ya ile robo ya milimita. Diski hiyo husomeka vizuri kwenye kompyuta iliyoiandika na kugoma kwingine kote. Ndiyo sababu huwa nawaomba watu wasitupe draivu ya kompyuta ya zamani hata kama kompyuta yenyewe imekufa. Draivu iliyoandika diski zako huenda ndiyo pekee itakayozisoma bila taabu.

Kugonga ni kitu kingine. Ukisikia "ta-ta-ta-ta" ya haraka na ngumu, kichwa kinasukumwa dhidi ya ukingo ambako hakiwezi kwenda zaidi. Draivu za kompyuta za kawaida zina kihisi cha mwanga kinachotoa habari kwamba kichwa kimefika njia sifuri. Kihisi hicho kikizibwa na vumbi, au mdudu akajenga mbele yake, habari haifiki, na ubao unaendelea kutuma amri ya kurudi nyuma. Mara nyingi brashi laini inatosha. Pia huenda ile skrubu ndefu imekauka: grisi ya kiwandani hugeuka manjano na kuwa ngumu, na vumbi la huku likichanganyika nayo linakuwa msasa. Kichwa kinakwama katikati ya safari, mota inaruka hatua, hesabu inapotea.

Vipo pia vitu vidogo vinavyosahaulika. Joto la Garissa huyeyusha gundi ya karatasi ya lebo. Lebo inajikunja pembeni, flopi inaingia vizuri, na wakati wa kutoka lebo inabaki ndani ikiwa imegandamana na mkono wa kichwa. Kifuniko cha chuma cha flopi nacho kikipinda hata kidogo huingia na kunasa. Ukihisi flopi inagoma kutoka, usiivute kwa koleo. Kichwa cha juu kimeshikwa na kipande cha bati chembamba sana, na mvuto mmoja wa hasira unakitoa kwenye mstari milele. Zima mashine, chomoa waya, toa draivu, fungua kifuniko cha juu, kisha ukitoe kifuniko cha flopi taratibu kwa kibano.

Wakati mwingine draivu hulia bila flopi ndani. Mtu anafungua orodha ya diski kwenye Windows 95, 98 au XP, au anazima kompyuta jioni, na taa ya draivu inawaka yenyewe kwa mkoromo mfupi. Hii mara nyingi ni programu tu. Katika orodha ya nyaraka zilizofunguliwa karibuni kuna jina la faili iliyokuwa kwenye flopi, na Windows inakwenda kuitafuta. Futa orodha hiyo na kelele itaisha. Programu ya kukinga virusi nayo huweza kukagua draivu wakati wa kuzima. Lakini mashine inayowasha draivu kila mara bila sababu inastahili kukaguliwa virusi kwa makini. Kabla ya intaneti kuenea, virusi vilisafiri kwa flopi. Kile kinachohesabiwa kuwa cha kwanza kuenea kwenye kompyuta za aina ya IBM, kiitwacho Brain, kilitoka Lahore, Pakistan, mwaka 1986, na kilijificha kwenye sekta ya kwanza ya diski. Taa ya draivu ikiwaka mfululizo bila kuzimika tangu unapobonyeza swichi, hapo sababu ni nyepesi zaidi: ule mkanda bapa wa waya 34 umechomekwa kichwa chini. Upande wenye mstari mwekundu uelekee pini ya kwanza.

Kabla ya kuilaumu draivu, hakikisha ndiyo inayolia. Zima kompyuta, chomoa waya mdogo wa umeme unaoingia kwenye draivu, kisha washa. Kelele ikiendelea, tafuta kwingine. Feni iliyokauka bushi huguna asubuhi na kunyamaza ikipata joto. Diski ngumu inayogonga kwa vipindi ni dharura ya namna yake: zima mara moja, na usiiwashe tena hadi uwe na mahali pa kuhamishia faili.

Umeme wetu nao una mchango wake, ingawa si mkubwa kama watu wanavyodhani. Kabla laini ya kilovolti 132 haijafika Garissa kupitia Mwingi, mji uliendeshwa kwa jenereta za dizeli, na Wajir na Mandera zimeendelea kwa miaka mingi na vituo vyao vyenyewe. Stima inayopanda na kushuka huchosha kasha la umeme la kompyuta, na joto hukausha kapasita zake. Volti 5 zinazokwenda kwenye draivu zikilegea, mota huanza kwa uvivu na kutoa mguno wa chini, na kasi haifiki 300. Jaribu kasha jingine la umeme kabla hujatupa draivu. Zile draivu kubwa za inchi 5.25 za zamani zaidi huweza kuwa na mkanda wa mpira unaozungusha diski. Kwa joto la hapa mkanda huo hulegea au huyeyuka na kuwa kitu cha kunata, na huo unabadilishwa tu.

Kusafisha ni kazi ya nusu saa ukiwa na vifaa vyake. Unahitaji spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, inayouzwa na maduka ya vifaa vya elektroniki. Usitumie spiriti ya vidonda kutoka duka la dawa, kwa maana huweza kuwa na mafuta ya mbarika yanayobaki kwenye kichwa. Usitumie sanitaiza ya mikono, ambayo imechanganywa na gliserini. Gusa kwanza chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini. Draivu ikishatoka na kufunguliwa, ondoa vumbi la jumla kwa brashi laini ukilielekeza nje. Blowa inafaa ukiishika mbali. Kompresa ya kujazia matairi haifai kabisa, upepo wake una maji na mafuta. Chukua kijiti cha pamba kisicho na nyuzi zinazochomoka, kiloweke kidogo, usugue kichwa cha chini polepole. Cha juu kiinue milimita chache tu, kiasi cha kijiti kupita, usiupinde mkono wake juu. Badilisha kijiti hadi kitoke cheupe. Kisha futa grisi kuukuu kwenye skrubu na reli, uweke tone dogo la grisi nyeupe ya lithiamu na kulitandaza. Mafuta ya injini, mafuta ya kupikia na dawa ya kulegeza kutu viweke mbali. Vyote huishia kwenye diski.

Baada ya hapo jaribu kwa flopi tupu. Ifomati, isome, itoe, uuangalie utando wake dhidi ya mwanga. Kukiwa na duara hata jembamba, rudia kusafisha. Ni pale tu flopi ya majaribio inapotoka bila alama ndipo diski yenye kumbukumbu inaruhusiwa kuingia, tena ikiwa kile kijidirisha cha pembeni kimesukumwa kikaacha tundu wazi, ili kompyuta isiweze kuandika juu yake kwa bahati mbaya.

Mwalimu mmoja mkuu aliniuliza, "Fundi, kwa nini usinunue tu kile kidraivu cha nje cha kuchomeka kwenye laptopu, tukaachana na mashine hii?" Nikamwambia, "Mwalimu, nacho nitakileta, lakini diski zako zimekaa na vumbi miaka yote hii. Nikiziingiza kama zilivyo, kidraivu kipya kitakuwa kichafu kabla hujanywa chai." Kidraivu cha nje ni kizuri, na kwa flopi za kawaida za inchi 3.5 ndicho ninachopendekeza kwa ofisi nyingi, mradi kila diski ikaguliwe kwanza kwa macho, upande hadi upande. Diski ikianza kusumbua, usikimbilie kunakili faili mojamoja. Chukua picha ya diski nzima. Kwenye Linux programu ya ddrescue husoma kwanza sehemu zilizo nzima, halafu hurudi kwenye zilizoharibika, na hivyo kichwa hakisagi pabovu kabla pazuri hapajaokolewa. Kwa diski zilizogoma kabisa kuna kifaa kidogo kiitwacho Greaseweazle kinachosoma mabadiliko ya sumaku yenyewe bila kujali mpangilio wa faili, kisha kompyuta inafanya kazi ya kuyafasiri. Nimeona diski iliyokataliwa na kila mashine ikitoa karibu kila kilichomo kwa njia hiyo.

Wapo ambao flopi kwao ni kazi ya leo wala si kumbukumbu. Mashine za kompyuta za kudarizi kanzu na abaya, za Tajima kwa mfano, zimepokea michoro kwa flopi miaka mingi. Vinanda vya Yamaha vya PSR-740 na PSR-2000, vinavyojulikana na wapigaji wa harusi, huhifadhi midundo kwenye flopi. Hadi hivi karibuni hawakuwa peke yao: jeshi la Marekani liliachana na flopi za inchi 8 katika mfumo wa silaha zake za nyuklia mwaka 2019, na serikali ya Japani ilifuta kanuni zake za mwisho zilizodai flopi mwaka 2024. Kwa mwenye mashine kama hizo ushauri wangu ni kung'oa draivu na kuweka kifaa cha Gotek. Kinakaa katika nafasi ileile, kinachomekwa kwenye mkanda uleule, na flashi moja inabeba mamia ya flopi za kuigizwa. Hakina mota wala kichwa, kwa hiyo vumbi la Hagaa halina cha kusaga. Muulize muuzaji kama kinaoana na mashine yako kabla ya kulipa, kwani mashine nyingine hutaka flopi za kilobaiti 720 na mpangilio wa waya hutofautiana.

Baada ya kunakili, diski za ofisi ya umma zisitupwe. Sheria ya Nyaraka za Taifa, sura ya 19 ya sheria za Kenya, hairuhusu kumbukumbu za serikali kuharibiwa bila idhini, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawabana wote wanaoshika taarifa za watu binafsi, ikiwemo orodha ya wagonjwa iliyo kwenye kijiplastiki cha mwaka 1998. Ziweke kwenye boksi lililofungwa, mbali na dirisha na mbali na spika, na mdomo wa draivu uzibe kwa utepe siku usizoitumia.

Sony iliacha kuuza flopi mwaka 2011, na draivu nyingi zinazozunguka sasa ni zilezile za zamani zinazotolewa kwenye mashine moja na kutiwa kwenye nyingine. Kila mwaka zinapungua. Basi ninawaomba walimu wakuu, makarani na wenyeviti wa kamati katika Garissa, Wajir na Mandera wafungue makabati mwezi huu, wahesabu flopi walizonazo, waandike kila moja ina nini na iliandikwa kwenye kompyuta gani, kisha wamtafute fundi. Walio kando ya Tana wafanye hivyo kabla ya Gu, mvua za masika.